Gari lina turbo na umeshalityuni, sasa unaweka mafuta gani?

Swali hili utalisikia karibu kila gereji inayogusa Subaru. Mtu kanunua Forester XT au Legacy GT, mwingine ana Mark II ya 1JZ-GTE, kafunga ekzozi kubwa na fyulpampu mpya, kontrol boksi (kompyuta ya injini) kaipeleka ikapigwa remapu, yaani ikaandikiwa upya mapu, zile hesabu za moto na mafuta, busti (presha ya hewa inayosukumwa na turbo) imepanda, gari linavuta vizuri tu, halafu ndo anauliza "wakuu, hili niliwekee mafuta gani?" Kaanzia mwisho. Mafuta ndo yanajulikana kwanza, mapu inaandikwa kufuata mafuta, na sio mafuta mazuri ya ile sheli ya karibu na kwako, ni yale mabovu kabisa utakayolazimika kuweka siku umefika Makambako usiku na iliyo wazi ni moja tu. Hilo ndo ninalotaka tuelewane, na kwanini nasema hivyo inabidi tuingie kwanza ndani ya silinda.

Plagi haisubiri pistoni ifike juu kabisa ndo iwashe. Inawasha mapema kidogo kwasababu moto unahitaji muda wa kusambaa, unaanzia pale kwenye plagi unatembea kuelekea kuta za silinda, na kadri unavyotembea unazidi kuubana ule mchanganyiko wa hewa na petroli ambao bado haujaungua, unabanwa, unapata joto, unabanwa tena. Moto ukiufikia kwa wakati wake hakuna shida. Lakini mchanganyiko huo ukibanwa na kupashwa kupita uvumilivu wake unalipuka wenyewe huko pembeni kabla moto haujafika, presha inaruka ghafla na chumba kizima kinalia, huko ndo kugonga, au noki. Kwenye EJ20, injini ya Subaru ya lita 2, yenye silinda ya kipenyo cha milimita 92 mlio huo unakuwa kama kilohezi 6 hivi, na sensa ya noki iliyofungwa kwenye bloku imewekwa kusikiliza mlio wa aina hiyo. Ukigonga kidogo mara mojamoja injini inavumilia. Ukigonga wakati busti imejaa, ule utando mwembamba wa gesi ya baridi kidogo unaoikinga pistoni unafagiliwa, joto linaingia kwenye chuma moja kwa moja, na kingo zinazoshika ringi zinakatika. Wenye EJ25 ya turbo, ile Subaru ya lita 2.5, wanalijua hili vizuri sana, silinda namba nne ndo huwa inatajwa kwanza.

Sasa turbo inafanya nini hapo? Inasukuma hewa nyingi zaidi kwenye chumba kilekile, na hewa ikisukumwa inapata joto, kwahiyo mchanganyiko unaingia tayari una presha na una joto kabla pistoni haijaanza hata kupanda. Ukityuni unaongeza busti, pengine na taimingi, yaani muda plagi inapowasha, unaisogeza mbele ili upate nguvu. Vyote viwili vinaupeleka ule mchanganyiko karibu na mpaka wake. Na mpaka huo unawekwa na oktani ya mafuta.

Oktani haina uhusiano na nguvu iliyomo kwenye lita ya petroli, na hapa watu wengi sana wanapotea. Ni kipimo cha uvumilivu tu, petroli inavumilia kubanwa kiasi gani kabla haijajilipukia yenyewe. Kipimo kilipendekezwa na Graham Edgar mwaka 1926, akachukua kemikali mbili, isooktani inayovumilia sana akaipa 100, na heptani inayogonga haraka akaipa 0. Petroli ikigonga sawasawa na mchanganyiko wenye asilimia 95 ya isooktani basi inaitwa 95, full stop. Kwahiyo ukiweka petroli ya oktani kubwa kwenye gari ambalo mapu yake haijui kuitumia, umelipa hela zaidi na hujapata kitu, nguvu inakuja pale taimingi na busti vinapopandishwa kuufuata uvumilivu mpya.

Halafu namba zenyewe haziko za aina moja, na hili limeua injini nyingi. Kuna RON, oktani ya mtihani mwepesi, inapimwa kwenye injini maalumu ikizunguka 600 kwa dakika. Kuna MON, injini ya namna hiyohiyo lakini inazunguka 900 na mchanganyiko unapashwa mpaka nyuzi 149, mtihani mgumu zaidi, kwahiyo namba inatoka ndogo. Ulaya, Japani na huku kwetu tunataja RON. Marekani wao wanajumlisha RON na MON wanagawa kwa mbili na hiyo ndo inabandikwa kwenye pampu. Matokeo yake 91 ya Marekani ni kama 95 au 96 ya RON, na 93 yao inakaribia RON 98. Sasa chukua kijana wa Dar anashusha mapu kwenye intaneti, imeandikwa "93", anajisemea mbona hata mimi naambiwa petroli yangu ni 93, anaipakia. Hajakosea namba, kakosea nchi. Mapu ile iliandikwa kwa mafuta ya RON 98 na yeye kalipa gari mafuta yaliyo chini kwa oktani tano nzima, kwenye turbo oktani tano ni umbali mkubwa mno. Ukikuta mapu yoyote ya nje uliza kwanza imeandikwa kwa kipimo gani, kabla hujauliza inatoa farasi wangapi.

Kuna jingine ambalo magari yetu mengi yanakuja nalo kutoka Japani. Fungua kifuniko cha tanki cha Legacy GT au WRX iliyoingia ikiwa yudisi, ndani utakuta stika ya Kijapani, wengi hawajawahi hata kuitazama, inadai petroli ya premium. Kwa viwango vya Japani petroli ya kawaida inaanzia RON 89 na premium inaanzia 96, ila premium inayouzwa kule kwenye pampu huwa ni 100 hivi. Kwahiyo gari hilo hata kabla hujaligusa, likiwa vilevile lilivyoshuka kwenye meli, mapu yake ya kiwandani iliandikwa na watu wanaoweka mafuta ya 100. Legacy ya 2.0GT ina mgandamizo (pistoni inabana mchanganyiko mara ngapi) wa 9.5 kwa 1, na turbo juu yake. STI ya EJ207 imeshushwa mpaka 8.0 kwa 1 ndo maana inabeba busti kubwa, lakini nayo inategemea mafuta yaleyale ya Japani.

Mbona basi hayafi yote? Kwasababu kontrol boksi inajifunza. Kwenye Subaru kuna namba inaitwa IAM, kwenye zile za zamani inaenda 0 mpaka 16, kwenye za baadaye 0 mpaka 1, kazi yake ni kuamua sehemu gani ya taimingi ya ziada itumike. Ikisikia kugonga mara kwa mara inaishusha, gari linakuwa zito, linakula mafuta, mwenye gari anasema turbo imechoka kumbe turbo nzima na tatizo ni tanki. Ule ndo mto wa usalama wa kiwandani. Fundi akija akatyuni bila kuangalia IAM ilikuwa ngapi, anaandika taimingi mpya juu ya gari ambalo tayari lilikuwa linalalamika, na wengine wanaenda mbali zaidi wanapunguza usikivu wa sensa ya noki ili gari "lisirudishe nguvu nyuma". Aisee hilo usikubali kabisa. Hapo umeziba masikio ya kitu pekee kilichokuwa kinaisikia injini ikiumia.

Turudi kwenye sheli zetu. Tanzania mafuta yanaagizwa kwa pamoja kupitia PBPA, wakala wa serikali wa uagizaji, meli inashusha Dar, Tanga au Mtwara, makampuni yanagawana shehena moja. EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ikitangaza bei kikomo kila mwezi inataja petroli, dizeli na mafuta ya taa, basi. Kwahiyo ule ubishi wa petroli ya kampuni fulani kuwa kali kuliko ya kampuni fulani, kwa petroli ya kawaida unakuwa hauna miguu sana, msingi ni uleule, tofauti ni viambato vya kusafisha ambavyo kampuni inaongeza na jinsi mafuta yanavyotunzwa mpaka yakufikie. Hilo la kutunza ndo la kuangalia. Tanki la chini linaloingiza maji, sheli ya pembezoni inayouza taratibu mafuta yanalala, zile sehemu nyepesi zinaondoka. Sheli yenye foleni ya magari kila siku ina faida yake, mafuta hayakai.

Kama sheli inakwambia ina premium, usiulize jina la biashara, uliza RON ni ngapi na kama wana cheti cha shehena hiyo. Neno zuri kwenye bango halizuii pistoni kupasuka. Na kama huna namba yoyote mkononi, mwambie fundi aandike mapu kama vile una RON 91. Ukija kugundua una zaidi, umebaki na nafasi ya usalama, hakuna aliyekufa kwa hilo.

Kuchakachua bado ni hatari yenyewe. Hapa Tanzania vinasaba (alama za kemikali) vilianza kuwekwa kwenye mafuta mwaka 2010 ili kubaini yaliyochanganywa na yaliyokwepa kodi, na mwaka 2011 kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa ili kuyachanganya kusiwe na faida. Kenya nao mwaka 2018 wakaweka tozo ya shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa kwa sababu hiyohiyo. Mchezo ulipungua lakini wenye turbo hatuwezi kuuchukulia poa, maana mafuta ya taa yana uvumilivu mdogo sana, kiasi kidogo tu kwenye petroli kinashusha oktani, na gari la kawaida litalipita hilo likiwa limechoka kidogo wakati lako lililotyuniwa linaweza lisimalize hata kilima kimoja. Chukua tabia hii, ukijaza sheli ngeni safarini usikanyage mpaka mwisho. Tembea kistaarabu, busti ndogo, kama una kifaa cha kusoma data tazama taimingi inarudishwa kiasi gani, ndo uamue.

Nikisema kilima nakumbuka jambo ambalo sisi wa ukanda huu tunatakiwa kulijua kuliko watu wengine, nalo ni mwinuko. Mbeya iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, presha ya hewa pale ni kama bar 0.83, Dar ni bar 1.01. Gari lisilo na turbo likipanda Mbeya linavuta hewa kidogo, linapungua nguvu, na linahitaji oktani ndogo zaidi. Turbo inabadilisha hesabu. Tuseme umetyuniwa Mbeya, boost kontrola yako (kifaa cha kupanga busti) ni ile ya mkono ya kuzungusha, geji inasoma bar 1 na fundi kakukagua hakuna kugonga, safi. Jumla ya presha inayoingia kwenye injini ni 0.83 na 1, yaani 1.83. Sasa shuka, pita Iringa, teremka Kitonga, Mikumi kuna joto, fika Morogoro mpaka Dar, geji bado inasoma bar 1 uleule lakini jumla sasa ni 2.01. Umeongeza hewa kwa karibu asilimia 10 bila kugusa kitu, na hewa yenyewe ni ya moto kuliko ile ya Mbeya. Mapu iliyokuwa salama kule huku inagonga. Vivyo hivyo kwa wa Nairobi anayeshuka Mombasa.

Kinyume chake nacho kina mtego. Gari ambalo kontrol boksi inalenga presha ya jumla, sio ya geji, likipanda Mbeya litajitahidi kufika bar 2 ileile. Dar turbo inabana hewa mara mbili hivi, Mbeya inabidi ibane mara 2.4, kwahiyo inazunguka kwa nguvu zaidi na hewa inatoka moto zaidi. Ile ahueni ya mwinuko wanayoipata magari yasiyo na turbo hapa huipati. Ongeza intakula (kipoza hewa ya turbo) ya Subaru iliyolala juu ya injini, ukikaa kwenye foleni ya Ubungo dakika kumi inakuwa ya moto kama injini yenyewe, halafu njia inafunguka mtu anakanyaga. Hiyo sekunde ya kwanza ndo injini nyingi hugonga.

Sasa njia za mkato. Chupa ya kuongeza oktani inaandikwa "pointi 30" na mtu anafikiri petroli yake ya 91 inakuwa 121. Pointi moja ni sehemu ya kumi ya oktani. Pointi 30 ni oktani tatu, na hiyo ni "mpaka", kwa tanki la ukubwa ulioandikwa nyuma kwa herufi ndogo. Baadhi zina ferosini, kemikali yenye chuma ndani yake, ukifungua plagi baada ya muda unakuta ile kaure nyeupe imepakwa wekundu kama kutu, na wekundu ule unapitisha umeme, plagi inaanza kukosa cheche. Ukilazimika siku moja safarini sawa, lakini usiandikiwe mapu inayohitaji chupa kila tanki, siku utakayoisahau ndo siku injini itakayonoki.

Toluini inafanya kazi kweli. Ina RON ya 120 hivi, ukichanganya lita 10 na lita 40 za petroli ya 91 unakaribia 97. Ila ni sumu kwa anayeivuta na inashambulia baadhi ya raba za mfumo wa mafuta, na tina ya rangi ya dukani sio toluini, ni mchanganyiko wa vitu hata muuzaji havijui, usije ukaimwaga kwenye tanki. Mafuta ya ndege ndogo, yale ya bluu, yana oktani nzuri lakini yana risasi. Risasi inaua sensa ya oksijeni na masega (kile kisafisha moshi cha kwenye ekzozi), na nchi zetu za kusini mwa Sahara ziliiondoa kwenye petroli ya magari kufikia Januari 2006 kwasababu inaharibu akili za watoto. Sioni sababu ya mtu kuirudisha barabarani kwa ajili ya farasi 20. Na ukiona magari ya WRC yanaruka Naivasha kwenye Safari Rally usiseme mbona wao wanaweza kwa mafuta ya huku, yale yanaletewa mafuta yake, tangu 2022 Rally1, daraja la juu kabisa la WRC, wanatumia mafuta maalumu yasiyotokana na petroli ya ardhini.

Ethanoli naipenda, niseme ukweli. RON yake iko 108 hivi, na ikigeuka mvuke inafyonza joto jingi sana kuliko petroli, kwahiyo inapoza chumba kabla ya moto. Kwa turbo ni kama dawa. Lakini petroli inataka uzito wa hewa 14.7 kwa 1 na ethanoli inataka 9 tu, maana yake ukitumia E85 (mafuta yenye ethanoli mpaka asilimia 85) unahitaji mafuta zaidi kwa asilimia 30 na kitu, nozeli kubwa, pampu kubwa, na mapu yake mwenyewe. Sheli zetu haziuzi E85. Ukiwaza kununua spiriti ya viwanda vya sukari, jua ile ya asilimia 96 ina maji, ukiichanganya kidogokidogo kwenye petroli inaweza kujitenga, maji na spiriti vikae chini ya tanki pale pampu inapovuta. Wa Mbeya wanaovuka Kasumulu kwenda Malawi wajue wenzetu wamekuwa wakichanganya ethanoli ya Dwangwa kwenye petroli tangu 1982, kwahiyo ukijaza kule mchanganyiko utakuwa mwembamba kidogo, angalia data yako.

Kwa wenye Golf GTI na magari mengine yanayopulizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda, kuna mlipuko wa aina nyingine unaotokea RPM ndogo ukikanyaga sana kwenye gia kubwa. Huo unatokana pia na oili, sio oktani peke yake. Tumia oili yenye daraja la API SP, na ukitaka kuovateki shusha gia kwanza.

Basi siku ya kutyuni nenda na tanki la mafuta yako ya kila siku, sio uliyoyapamba kwa chupa. Plagi ziwe baridi hatua moja kuliko za kiwandani. Mwambie fundi umtazame akivuta gia ya tatu au ya nne mzigo ukiwa kamili, na data irekodiwe: busti, taimingi, mchanganyiko (kwa petroli ukiwa kwenye busti watu wengi wanakaa 11 mpaka 11.5), marekebisho ya noki na IAM. IAM ikibaki juu kabisa mwanzo mpaka mwisho, na marekebisho ni sifuri au karibu nayo, mkiwa mchana wa jua, hapo mna mapu. Kisha fungua plagi moja uipeleke kwenye mwanga. Kaure ikiwa na vidoadoa vidogo vya kung'aa kama pilipili ya fedha, hiyo ni aluminiamu ya pistoni, zima gari, hamna mjadala. Ukiweza lipia mapu mbili, moja ya nyumbani na moja ya safari yenye busti ndogo na taimingi iliyorudishwa nyuma digrii mbili tatu.

Na kama umenunua gari ambalo mtu mwingine alishalityuni, muulize aliandikiwa mafuta gani na faili la mapu liko wapi. Akijibu "weka yoyote tu" au hajui, rudisha mapu ya kiwandani, toa boost kontrola ili busti ibaki kwa springi ya westigeti (kile kilango kinachopitisha moshi pembeni ya turbo) peke yake, uendeshe hivyo mpaka data ikuonyeshe injini inaridhika na petroli unayoipata unapoishi.